Kuku wa Singida na meza ya kikao cha Nduguti

Miezi michache iliyopita nilikwenda Nduguti, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama, kushiriki kikao cha siku mbili kuhusu fursa za kiuchumi vijijini. Asubuhi ya kwanza mtoa mada alituonyesha ukutani picha ya jogoo mwekundu mwenye kishungi, akatueleza kwa dakika arobaini kwamba kuku wa Singida ni jina linalojiuza lenyewe, kwamba mlaji wa Dar es Salaam humtaja kwa mkoa wake, na kwamba wilaya iliyolala juu ya hazina ya namna hiyo haina sababu ya kuwa maskini. Tulipiga makofi. Saa saba mchana tukafunua vyombo vya chakula. Palikuwa na wali mweupe, kabichi, vipande vya tikiti maji, soda, na kuku wa kisasa aliyeletwa kutoka mjini akiwa amegandishwa.

Nje ya ukumbi, chini ya mti, mama mmoja alikuwa ameketi na kuku wanne waliofungwa miguu.

Nilimuuliza mratibu wa kikao, kwa upole, kwa nini hatuli kile tulichokisifu. Alinijibu bila kusita: "Mwalimu, yule mama hana risiti ya mashine. Na wageni hawa hawawezi kula mlenda." Majibu hayo mawili nimeyafikiria tangu siku hiyo. La kwanza ni la kiutawala na lina dawa. La pili ni la moyoni, na ndilo linalonitia wasiwasi zaidi.

Nianze na la moyoni. Tumezoea kuzungumza juu ya chakula cha Watanzania kana kwamba ni kimoja, ugali na nyama choma, ilhali hata nyama ya kuchoma peke yake haifanani kutoka mkoa hadi mkoa. Pwani na Visiwani nyama hukatwa vipande vidogo, ikalazwa katika ukwaju, tangawizi, kitunguu saumu na papai bichi la kuilainisha, kisha ikatungwa mishikaki. Katika minada ya Kanda ya Kati, kama ule wa Msalato pale Dodoma, mnyama huchinjwa hapohapo na pande la nyama huiva kwa moto na chumvi, bila kiungo cha kuficha ladha yake. Wamasai husimamisha vijiti vya nyama kuuzunguka moto. Wachaga wana ndafu, mbuzi mzima wa kubanikwa, na kisusio pembeni. Ukivuka mpaka kwenda Nairobi utakuta mbuzi wa chumvi tupu na kachumbari, na mtura wa jioni kando ya barabara. Hata nguruwe, tuliyembatiza kiti moto ili tumtaje bila kumtaja, ana wapishi wanaobishana kwa dhati kama akaangwe kwanza au achomwe moja kwa moja.

Kati ya hivyo vyote, ndafu ndiyo inayostahili kuchunguzwa na watu wa sera. Kizazi kimoja tu kilichopita ilikuwa chakula cha sherehe za Kilimanjaro. Leo bwana harusi wa Mtwara na bibi harusi wa Tabora humkata mbuzi huyo mbele ya kamera, naye amevishwa majani mdomoni, na hakuna anayeona kwamba amejishusha. Ndafu haikupanda hadhi kwa semina. Ilipanda kwa sababu wenyewe waliipeleka mezani mbele ya wageni, na mezani pale palikuwa na watu wenye heshima na fedha.

Jambo hilohilo lilitokea Marekani, nchi ambayo wanafunzi wangu wengi huamini kwamba inakula baga na chipsi tu. Wana nyama yao ya kuchoma kwa moshi, babikyu, na wanaigombania kwa majimbo. Texas ya kati ni kifua cha ng'ombe kinacholala motoni usiku kucha kwa moshi wa mwaloni, desturi iliyobeba mkono wa wachinjaji wa Kijerumani na Kicheki waliohamia huko karne ya 19. Mashariki mwa North Carolina ni nguruwe mzima kwa siki na pilipili. Magharibi mwa jimbo hilohilo, kuuzunguka mji wa Lexington, ni bega la nguruwe na siki iliyotiwa nyanya, na watu wa pande hizo mbili huweza kununiana kwa sababu ya nyanya hiyo. South Carolina wanatumia haradali. Kansas City mchuzi mzito wenye utamu wa molasi. Mwaka 1999 Baraza la Wawakilishi la Texas lilipitisha azimio la kuutambua mji mdogo wa Lockhart kuwa makao makuu ya babikyu ya jimbo. Wabunge walikaa, wakajadili nyama, wakaandika. Unaweza kucheka, lakini wasafiri wanaacha barabara kuu ili kwenda kula Lockhart.

Sisemi tuwaige kwa kila kitu, maana hadithi yao ina upande wa giza ambao unatuhusu. Kwa muda mrefu waliochimba mashimo ya moto, wakapasua kuni na kukesha na nyama katika majimbo ya kusini walikuwa Waafrika waliofanywa watumwa, na baadaye watoto na wajukuu wao. Henry Perry, mtu mweusi kutoka Tennessee, ndiye aliyeanza kuuza nyama ya moshi Kansas City mwanzoni mwa karne ya 20, na mtindo wa mji ule umekua juu ya moto wake. Hata hivyo, babikyu ilipogeuka kuwa biashara kubwa ya vitabu na televisheni, nyuso zilizoonekana mara nyingi hazikuwa za watu kama yeye. Sifa ya chakula inaweza kukua huku jina la mpishi likififia.

Kwa kuku wa Singida hilo limekwisha kuanza. Mtu anayesafiri kutoka Nduguti hushuka hadi Iguguno, kwenye barabara kuu iendayo Mwanza, na njiani hukutana na matenga ya kuku yakisubiri gari. Kuku wanaondoka hai, wakiuzwa kwa kichwa wala si kwa uzito. Wanachinjwa, wanachomwa na kupewa bei ya mwisho mbali na hapa. Kinachobaki kijijini ni kazi ya kuwalea. Tukumbuke kwamba kazi hiyo kwa sehemu kubwa ni ya wanawake, nao wanaifanya wakiwa na hofu moja kubwa kila mwaka, mdondo, ugonjwa unaoweza kumaliza banda zima ndani ya siku chache. Chanjo ya I-2 ipo, inatengenezwa humu nchini, inastahimili joto kuliko chanjo za kawaida, na ni tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu. Kikao chetu cha siku mbili hakikuitaja.

Wala nisije nikajifanya kwamba mila yote ya jikoni ni tamu. Katika nyumba nyingi tulizokulia, mama aliyemlea kuku hakula firigisi, kwa kuwa ilikuwa ya baba, na zipo jamii ambazo zilimkataza mwanamke kuku na mayai kabisa. Anayetaka kutetea chakula cha asili aanze kwa kuuliza nani alikila.

Rudi sasa kwenye mlenda ambao wageni "hawawezi" kuula. Aibu hii ina historia. Ugali wa mtama na wa uwele ulikuwa chakula cha nchi hii kame kwa sababu mazao hayo huvumilia mvua ya kuchelewa, na majani yaliyokaushwa na kupondwa yaliwavusha watu kiangazi. Lakini serikali ya kikoloni, na baada yake ya kwetu, ziliyataja mazao hayo kwa jina moja: mazao ya njaa. Mtu huambiwa alime mtama mvua inapokosekana. Mvua ikirudi, husifiwa kwa kulima mahindi. Njaa ya miaka ya 1970 ilipokuja, msaada ulifika kwa sura ya mahindi ya njano kutoka Marekani, na wananchi, ambao hawakosi utani hata katika dhiki, wakauita unga wake Yanga kwa rangi ya jezi. Kizazi kizima kikajifunza kwamba chakula cha kuokoa watu hutoka nje, na kwamba uwele ni ushahidi wa ufukara. Umoja wa Mataifa ulipotangaza mwaka 2023 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Mazao ya Jamii ya Uwele na Mtama, maofisa wetu walihutubia vizuri. Sijui ni wangapi waliokula.

Hali ni ngumu zaidi kwa majirani wa Nduguti, Wahadzabe wa upande wa Munguli, ambao asali yao, ubuyu wao na nyama yao ya mwitu huonyeshwa kwa watalii kama maajabu, huku wao wenyewe wakihimizwa kuviacha. Hilo linahitaji makala yake.

Sasa jibu la kiutawala, lile la risiti. Mkalama ilipomegwa kutoka Iramba mwanzoni mwa miaka ya 2010, Nduguti ilipata halmashauri, ofisi, vikao, mafunzo, ziara za viongozi. Katika mji mdogo wa aina hiyo, serikali na miradi yake ni miongoni mwa walaji wakubwa. Sheria haimzuii mkurugenzi kununua kwa wale akina mama. Kinyume chake, taratibu za ununuzi wa umma zinataka asilimia 30 ya ununuzi itengwe kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Halmashauri hiyohiyo inawajibika kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kwa hiyo tunaweza kumkopesha mama fedha za kufuga kuku, kisha tukaagiza kuku wa barafu kutoka mjini kwa ajili ya kikao cha kutathmini mkopo wake. Kikundi kilichosajiliwa, chenye namba ya mlipakodi na kilichosaidiwa kujiandikisha katika mfumo wa NeST, kinaweza kupika kuku wa kienyeji, ugali wa mtama na mlenda wa karanga kwa wageni hamsini. Kinachohitajika ni ofisa ununuzi na ofisa maendeleo ya jamii kukaa meza moja kwa wiki moja.

Siku ya pili nilitoka mapema nikamnunua kuku mmoja wa yule mama. Nikamuuliza kama amewahi kuuzia vikao vya pale ukumbini. "Hawajawahi kuniuliza, baba," alisema, huku akinichagulia jogoo mzito kuliko yule niliyemnyooshea kidole.

Nimealikwa tena Nduguti kwa kikao cha tathmini. Nimejibu kwamba nitakwenda, na nimeomba nipewe orodha ya chakula kabla sijaandaa mada. Bado sijajibiwa.