Bei Imepunguzwa, Jasho Halikupunguzwa

Mpwa wangu alinunua mchezo wa kompyuta uitwao Kingdom Come: Deliverance bei yake ilipopunguzwa. Juma halikwisha, akautupilia mbali. Malalamiko yake ni yale yale ya wachezaji wengi tangu utolewe mwaka 2018: mapigano ya upanga ni magumu, huwezi kuhifadhi ulipofikia kila upendapo, na shujaa mwenyewe hajui lolote. Wengine huusifu mchezo kwa ugumu huo huo.

Mimi nasimama na hao wa pili. Hadithi yenyewe ni ya Bohemia, katika Jamhuri ya Cheki ya leo, mwaka 1403. Henry, mwana wa mhunzi, hajui kusoma. Akifungua kitabu, mchezaji huona herufi zilizovurugika. Haambulii kitu mpaka Henry aende kwa mwandishi wa kijiji cha Uzhitz akafunzwe.

Kijana aliona huo ni upuuzi. Mimi nilimkumbuka nyanya yake, marehemu mama yangu, aliyeingia darasa la ngumbaru akiwa tayari na wajukuu. Alikuwa akiniambia kuwa herufi zilimtembea machoni kama siafu. Sisi tuliosoma tangu utotoni hudhani kusoma ni kama kupumua, kisha tukawacheka wazee wanaotia kidole gumba badala ya sahihi. Mchezo huu humvisha msomi viatu vyao, japo kwa saa chache.

Nimemshauri mpwa wangu aurudie. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.