Ng'ombe wa Nane Nane haandaliwi mwezi Julai

Mwambie mfugaji wa Sindeni au Mashewa kwamba kuna watu wanaomwandaa mbwa mwaka mzima kwa ajili ya mashindano ya siku moja, atacheka. Kwetu mbwa kazi yake ni kulinda zizi na kufukuza nguruwe pori shambani. Lakini kabla ya kucheka sana, tujiulize: ng'ombe tunayempeleka Nane Nane, tunamwandaa hata nusu ya mbwa huyo?

Mashindano ya mbwa ya Crufts yalianza London mwaka 1891. Hata majirani zetu Kenya wana chama chao, East Africa Kennel Club, chenye mashindano yake. Katika mashindano ya namna hiyo mwamuzi hampi ushindi mbwa kwa sababu amempendeza tu. Anampima kwa maelezo yaliyoandikwa ya mbegu yake: meno, kifua, miguu na mwendo. Kule Crufts, mbwa wa mbegu safi ambaye hajasajiliwa hashindani. Ndiyo maana mwenye mbwa huanza mapema kumzoesha kusimama, kutembea kwa kamba na kushikwa mdomoni na mgeni.

Turudi nyumbani. Sisi wa Handeni na Korogwe maonyesho yetu ya Kanda ya Mashariki hufanyika Morogoro, pamoja na wenzetu wa Pwani, Dar es Salaam na wenyeji wenyewe. Wengi wetu huanza kuhangaika Julai. Mnyama anajazwa pumba ili anenepe, anasuguliwa kwa sabuni, kisha anapakiwa kwenye lori. Akifika anashtushwa na vipaza sauti, anavuta kamba, anagoma kula. Halafu tunalalamika kwamba waamuzi wana upendeleo!

Maandalizi ya kweli hayahitaji fedha nyingi, yanahitaji muda. Mchague mtamba wako angalau miezi sita kabla. Mzoeshe kamba kila siku kwa dakika chache, na watoto wamzoee kumshika. Kwato zikatwe mwezi mmoja au miwili kabla, si jana yake, maana akichechemea umeshindwa. Ogesha kwa ratiba, kwani kupe huleta ndigana. Usimnenepeshe kupita kiasi. Mtamba wa maziwa mwenye mafuta mengi anaweza kupata shida wakati wa kuzaa. Pata kibali cha kusafirisha mifugo mapema. Beba majani na pumba alizozoea, kwa kuwa kubadilisha chakula ghafla humjaza gesi tumboni.

Hata hivyo, jambo kubwa kuliko yote ni daftari. Mama yake alitoa lita ngapi kwa siku? Baba yake ni fahali yupi? Kama ni wa uhimilishaji, jina na namba ya fahali vimeandikwa kwenye mrija wa mbegu; mwombe mtaalamu akupe unakili. Amezaliwa lini, amechanjwa nini, aliugua nini? Bila majibu hayo, mshindi wako ni ng'ombe mnene tu.

Hapa ndipo biashara ilipo. Mfanyabiashara anayenunua mtamba chotara kwa fedha nyingi hununua maziwa ambayo bado hajayaona. Akiambiwa kwa mdomo tu, ananunua bahati nasibu. Wangapi wameuza mashamba ya mahindi wakanunua "chotara" anayetoa lita mbili? Mwenye daftari anaweza kudai bei nzuri kwa kila ndama, na mnunuzi analipa bila wasiwasi.

Wapo watakaosema mashindano ni urembo mtupu. Hoja yao ina uzito. Mwaka 2008 filamu ya BBC ilionyesha jinsi mbwa wa mashindano Uingereza walivyokuwa wakizalishwa ndugu kwa ndugu ili wapate umbo linalotakiwa, hadi wengine wakawa na magonjwa ya kurithi. BBC ikaacha kurusha Crufts kuanzia mwaka 2009. Lakini sisi nasi tunafanya hayo hayo bila kujua, fahali mmoja akibaki zizini miaka mingi hadi anapanda binti zake. Daftari ndilo litakalokuonyesha ni wakati wa kumbadilisha.

Kwa hiyo ombi langu kwa waandaaji wa maonyesho ni moja: alama za ng'ombe wa maziwa zigawanywe, nusu kwa mnyama na nusu kwa kumbukumbu zake. Nasi wafugaji tusisubiri agizo. Daftari la shule linatosha kuanzia, na wa kuandikwa kwanza ni ndama atakayezaliwa zizini kwako wiki hii.