Mtoto Wako na Picha Kubwa ya Meno



Mama mmoja wa Kolwezi ametuandikia. Mtoto wake wa miaka 8 iko na jino lenye tundu, usiku halali. Kwenye kliniki moja walimwambia kwamba mbele ya kutunza jino, mtoto apite kwanza kwa mashine mpya, ile inayozunguka kichwa na kuonyesha meno na mifupa pande zote. Bei yake inapita pesa ya unga ya mwezi. Anauliza: nikope?

Mama, usikope. Kwa tundu la jino ile picha si ya lazima. Munganga wa meno aangalie kwanza kwa macho na kioo chake kidogo, agongegonge jino, aulize mtoto anaumwa wakati gani. Kama anataka kuona ndani, radio ndogo inayowekwa mdomoni inatosha. Tena, kama meno ya jirani yalizibwa na chuma, picha kubwa inajaa mistari na vivuli, tundu lenyewe halionekani vizuri. Na mtoto asipotulia zile sekunde 10 au 20, picha inaharibika, wanaanza upya.

Si mambo ya pesa tu. Kila radio inapitisha mionzi mwilini. Udongo, mawe na anga vinatupa mionzi kidogo kila siku, hakuna anayeikimbia. Radio ndogo ya jino ni karibu sawa na ile tunayopata kwa siku moja hivi. Picha ya pande zote inaweza kuwa sawa na siku kadhaa, inaweza pia kufika majuma mengi, kufuatana na mashine na namna walivyoipanga. Mwili wa mtoto ungali unajengwa, tezi ya koo iko karibu na taya, na iko na miaka mingi mbele yake ambayo ugonjwa unaweza kutokea. Hatari ya picha moja ni ndogo sana, ndiyo. Lakini hata hatari ndogo, kama haileti faida, ya nini?

Hapa kwetu neno mionzi linatisha watu juu ya Shinkolobwe, kule kulikotoka uranium ya bomu la Hiroshima la 1945. Tusichanganye. Jiwe la uranium linatoa mionzi usiku na mchana. Mashine ya radio ikizimwa, mionzi imekwisha, na mtoto hatoki nayo nyumbani.

Basi msiikatae kila mara. Mfano ni chonge, lile jino refu lenye ncha. La juu linatoka karibu na miaka 11 au 12. Mtoto akifika miaka 10, munganga anaweza kulitafuta kwa kidole juu ya ufizi. Kama halisikiki, atapiga radio ya kawaida. Na kama ile radio inaonyesha chonge limelala na kusukuma mizizi ya meno ya mbele, hapo picha ya pande zote iko na kazi yake: munganga anajua apasue upande gani, na meno ya jirani yanaweza kuokolewa. Ni vile vile kwa uvimbe ndani ya mfupa wa taya, kwa mtoto aliyezaliwa na mdomo uliopasuka, na mara nyingine kwa aliyeanguka vibaya kwenye moto na kuvunja taya.

Kwa hiyo uliza bila haya: Baba munganga, unatafuta nini ambacho radio ndogo haikuonyesha? Ukikiona, matunzo yatabadilika? Mashine imepangwa kwa kipimo cha mtoto, na itapiga ile sehemu tu ama kichwa chote? Munganga mzuri hakasiriki. Wakipiga, omba wakupe ile picha uende nayo, kusudi hospitali nyingine isipige tena.

Na wewe mama wa Kolwezi, mpeleke mtoto jino litunzwe juma hili. Kama shavu linavimba na homa inapanda, ama anashindwa kumeza, usingoje juma wala picha: mkimbize hospitali siku hiyo hiyo.