Kodi ya Nyumba Tusimolala

Makomredi, muhula uliopita nililipia nyumba mbili na nikalala katika moja tu.

Ya kwanza ni bedsita yangu hapa Kahawa Wendani, shilingi 8,000 kwa mwezi. Ya pili ni chumba cha mabati kule Kitui, karibu na shule niliyopelekwa kwa mazoezi ya kufundisha, shilingi 2,500. Kabla ya kusafiri nilimpigia simu mwenye ploti: "Mzee, naenda TP miezi mitatu. Naomba nilipe nusu." Akanijibu kwa upole kabisa, "Mwanangu, nyumba haijui kama umesafiri." Basi nikalipa 24,000 ili godoro, meko ya gesi na vitabu vyangu vilale raha mustarehe. Mimi nilikuwa naingia darasani asubuhi nikiwa nimekunywa strungi kavu.

Utaniuliza, si ungehama tu? Kwa karatasi, ndiyo, kuhama kungekuwa nafuu. Lakini hesabu ya keja haifanywi kwa karatasi. Ukirudi unatakiwa kuwa na kodi ya mwezi wa kwanza, amana ya mwezi mmoja, amana ya maji na stima, na pesa ya pikapu, zote siku moja. Kwa nyumba kama yangu hiyo inakaribia 20,000. Amana ya zamani nayo haijarudi, na ikirudi imekatwa "pesa ya rangi", hata kama ukuta uliukuta umechubuka. HELB haijaingia. Aliye na 20,000 mkononi anahama na kuokoa. Asiye nazo analipa 8,000 kila mwezi, mwisho wake ametoa zaidi. Hapo ndipo tunapoumizwa, na ndiyo maana kulalamika kwamba "kodi imepanda" hakutoshi.

Kiambu ni kaunti ya watu zaidi ya milioni 2.4 kwa hesabu ya 2019. Toka Barabara Kuu ya Thika ipanuliwe, wafanyakazi wa Nairobi wanatafuta nyumba hizi hizi zetu za Wendani, Ruiru na Juja. Mwenye ploti anajua ukitoka leo, kesho kuna mtu. Katiba, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makazi ya kufaa. Lakini sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, inalinda nyumba ambayo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nitafutie bedsita ya bei hiyo hapa Wendani! Chumba changu cha Kitui kinalindwa. Cha hapa, ambako ndiko ninakofinywa, hakimo.

Simchukii mwenye ploti. Huenda ana mkopo wa benki, na benki haijui kama mpangaji yuko TP. Lakini naye ana hasara zake: mpangaji akitoroka usiku na bili ya maji, nyumba ikikaa tupu likizo nzima. Hapo ndipo pa kuongea naye.

Tatizo ni kwamba kila mmoja wetu anaongea naye peke yake, kwa simu, akibembeleza. Chama chetu kinaweza kufanya mambo matatu bila kungoja Bunge. Kwanza, kiandike mkataba wa ukurasa mmoja wa Kiswahili: amana ni ngapi, inarudi baada ya siku ngapi, na nini kinaweza kukatwa. Pili, kabla ya msimu wa TP, viongozi wetu waende ploti kwa ploti wakiomba nusu kodi kwa miezi mitatu, kwa anayeahidi kwa maandishi kurudi. Tatu, kiweke orodha ya ploti zenye gharama kamili, si kodi pekee, na jina la kila mwenye ploti anayerudisha amana. Wazuri wapo, tuwajazie nyumba.

Mwaka huu viongozi watakuja mlangoni kuomba kura. Mimi nitawauliza swali moja kabla sijapokea fulana: je, mtaandika huo mkataba? Wadogo zetu wa mwaka wa pili watafunga safari ya TP hivi karibuni. Wasilipie godoro kulala.