Kura ya Kisangani ihesabiwe Kisangani

KISANGANI – Wakaaji wengi wa Lubunga, Makiso na Mangobo wanakumbuka liste ndefu ya majina kwenye uchaguzi wa wabunge wa tarehe 20 Desemba 2023. Lakini liste ndefu si wingi wa wapinzani. FCC ya Joseph Kabila haikupeleka wagombea, ECiDé ya Martin Fayulu vilevile. Mbunge wa Union sacrée aliyetafuta kurudi bungeni alikuta mbele yake hasa Ensemble ya Moïse Katumbi na vyama vidogo. Mwishowe Union sacrée ilichukua zaidi ya viti 400 juu ya 500.

Chama kidogo kinashindana kikiwa kimefungwa mguu. Sheria inakidai kwanza 1% ya kura za nchi nzima, ndipo kiingie katika kugawana viti. Mgombea anaweza kupendwa kuanzia Kabondo mpaka Lubunga, lakini kama chama chake hakijulikani Kananga wala Lubumbashi, kura zake zinaanguka. Mama aliyevuka mto kwa mtumbwi na kupanga foleni tangu asubuhi amepoteza siku yake.

Wanaotetea sheria hii wanasema vyama vimezidi nchini. Ni kweli. Ila vyama vingi vinaingia tu ndani ya muungano wa wakubwa na kuvuka salama. Anayebaki nje ni yule aliyekataa kusimama nyuma ya mkubwa.

Wanaoumia zaidi ni familia zilizokimbia mapigano kati ya Wambole na Walengola. Mapigano hayo yalianza Februari 2023, mwezi uleule CENI ilipofungua uandikishaji wa wapiga kura katika Tshopo. Mbunge asiyeogopa kushindwa hana haraka ya kufika kwao kuuliza nani atawarudisha kwenye mashamba yao, na lini.

Kabla ya 2028, wabunge wa Tshopo wapeleke bungeni pendekezo la wazi: hiyo 1% ipimwe pale mtu anapogombea, si nchi nzima. Wananchi nao, waliohama na waliowapokea, wawaulize wagombea wote, wakubwa kwa wadogo, kama wanalikubali. Atakayekataa aeleze kwa nini anaogopa mshindani mdogo.