Beberu na Hesabu ya Wagonjwa

Kabanga, katika wilaya ya Ngara, magari ya mizigo hukaa foleni yakingoja kuvuka kwenda Burundi. Mpaka ule haujapata kuzuia ugonjwa hata siku moja. Lakini mwaka 2020 serikali za pande zote mbili zilinena kana kwamba maradhi ni mgeni aombaye idhini ya kuingia. Burundi iliwafukuza wajumbe wa Shirika la Afya Duniani mwezi wa Mei, siku chache kabla ya uchaguzi. Tanzania ilikoma kutangaza hesabu za korona tarehe 29 Aprili: wagonjwa 509, waliokufa 21. Siku nne baadaye, huko Chato, nchi iliyokuwa zamani sehemu ya Biharamulo, Rais Magufuli alisema kwamba sampuli za mbuzi na papai zilipopimwa zilionyesha ugonjwa. Akashuku hujuma.

Neno lililotumika sana siku zile ni mabeberu. Asili yake beberu ni mbuzi dume (yule wa maabara hakuna aliyeuliza kama alikuwa dume). Zama za kupigania uhuru jina hilo alivikwa mkoloni, nalo likamkaa vema. Mwaka 2020 likavikwa kila aulizaye wamekufa wangapi. Hapo ndipo lilipoharibiwa. Aliyenyamazishwa si Mzungu wa Geneva. Ni muuguzi wa Ngara na dereva wa lori.

Kukataa kufunga masoko lilikuwa shauri lenye hoja, kwa kuwa mchuuzi hali asipouza. Wala si uzushi kwamba mataifa tajiri yalijilimbikizia chanjo. Lakini kuficha hesabu hakumlishi mchuuzi, wala hakumpunguzii tajiri hata dozi moja. Ati kujitegemea! Nchi ijitegemeayo huhesabu maiti zake yenyewe.

Mtu aweza kudhani mambo hayo yalizikwa mwaka 2021 pamoja na aliyeyasema, kwa kuwa Julai mwaka ule Rais Samia alizindua chanjo. Tarehe 14 Januari 2025 Shirika la Afya lilitangaza shaka ya Marburg katika Kagera. Kesho yake Wizara ikasema sampuli zote hazina ugonjwa. Tarehe 20 Rais mwenyewe akatangaza kwamba mgonjwa mmoja wa Biharamulo amethibitika. Ugonjwa ulipotangazwa kwisha, tarehe 13 Machi, waliohesabiwa kufa walikuwa 10: wawili waliothibitishwa na wanane waliodhaniwa.

Dereva aliyelala Biharamulo usiku wa tarehe 16, akaamka kwenda Kabanga, alisafiri na neno la serikali yake kwamba hapana kitu.