Dhamira ni kujua nani kaua

KIBATARI, na Babu Utambi

Jumamosi iliyopita nilialikwa kwenye warsha ya waandishi chipukizi. Sitataja ukumbi, kwa sababu walinipa nauli, chai na sambusa mbili, na mtu ukishakula sambusa za watu huwaaniki gazetini. Jogoo wa jirani alikuwa ameniamsha saa kumi alfajiri (ndiyo, bado yupo, na yule msomaji wa Singida anayehesabu mara ninazomtaja aongeze moja), kwa hiyo nilifika nimekwisha kununa. Nasema mapema, asije mtu akadai hasira zote za leo kanitia Dokta.

Mezani mbele tulikaa watatu: mimi, mama mmoja mhariri, na Dokta wa fasihi mwenye kalamu tatu mfukoni. Vijana walikuwa kumi na wawili, kila mmoja asome ukurasa mmoja wa kazi yake. Sita wa kwanza wakasoma. Tukapata yatima wanne, baba mlevi mmoja, na binti aliyekwenda mjini akajuta. Mama mhariri alisinzia kwa adabu, macho wazi.

Wa saba alikuwa dereva wa bodaboda kutoka Mbagala. Aliiweka helmeti chini ya kiti, akasimama, akatoa simu yenye kioo kilichopasuka na kuanza kusoma humo humo. Hadithi yenyewe inaanza saa nane usiku. Shemeji yake dereva kapita kijiweni kuazima pampu, kairudisha, kaondoka. Mara anatokea abiria, anataka kutoka Rangi Tatu hadi Tandika, wanapatana elfu tatu. Wakifika, abiria anatoa noti ya elfu kumi na kwenda zake. Dereva anamwita achukue chenji, hageuki. Asubuhi maiti ya abiria yule inaokotwa mtaroni. Polisi wanapekua mifuko. Hakuna simu, hakuna kitambulisho. Kuna shilingi elfu saba, kamili.

Hapo akanyamaza. Ukurasa umekwisha.

Feni tu ndiyo iliyosikika. Binti mmoja nyuma akasema, "Mungu wangu, kampa nani?" Nikamtazama Dokta. Kalamu yake ilikuwa imesimama hewani, na karatasi yake haikuwa na neno jipya tangu ile noti ya elfu kumi ilipotoka mfukoni. Nililiona kwa macho yangu, na kuapa naapa.

Kisha akajikohoza. "Dhamira ya kazi yako ni nini?"

Kijana akafikiri kidogo. "Dhamira ni kujua nani kaua, Dokta."

Ukumbi mzima ukacheka, na hawakuwa wakimcheka yeye. Dokta hakucheka. Alisema kazi ina mvuto, ila hii ni riwaya pendwa. Kijana ana kipaji, na akikomaa ataandika fasihi. Akaandika alama zake. "Anayefuata."

Riwaya pendwa! Kwa ambao hamkupitia madarasa hayo, wataalamu wetu wamezigawa riwaya mafungu mawili. Kuna riwaya dhati, na kuna hizo pendwa: za upelelezi, mapenzi, ujambazi, majini. Nimelizungusha neno hilo kichwani wiki nzima. Barua huanza kwa "Mpendwa". Mahubiri huanza kwa "Wapendwa". Hata marehemu, alikuwa na madeni asiwe nayo, siku ya kuzikwa ni mpendwa wetu. Ni riwaya peke yake ambayo ikipendwa imekosa.

Na mgawanyo wenyewe haushiki. Mchukue Shaaban Robert, ambaye hakuna Dokta atakayethubutu kumwambia akomae. Katika Adili na Nduguze kuna majini, kuna mji ambao watu wake wamegeuka mawe, na kuna ndugu wawili waliogeuzwa manyani wanaochapwa kila usiku. Kusadikika ni nchi inayoelea angani. Kijana wa Mbagala angeleta nchi inayoelea angani Jumamosi ile, angeambiwa apunguze filamu.

Muhammed Said Abdulla naye alianzaje? Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi kabla haijachapwa kuwa kitabu mwaka 1960, na humo ndimo alimozaliwa Bwana Msa na kiko chake, na sahibu yake Najum akimfuata nyuma akishangaa. Watu wanasema Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyevuka bahari, na sibishi. Lakini mimi hupenda zaidi habari kwamba mwandishi yule, kabla ya riwaya, aliwahi kuwa mkaguzi wa afya Zanzibar. Mtu ambaye kazi yake ni kuingia nyua za watu, kufunua mitungi na kuchungulia mashimo ya choo, huyo hafundishwi upelelezi. Amekwisha jua kwamba uchafu hauwekwi sebuleni.

Mimi mwenyewe kusoma sikufundishwa na riwaya dhati. Mwaka 1983, kidato cha pili, shule moja ya bweni, ilikuwako nakala moja ya Kufa na Kupona ya Elvis Musiba. Haikuwa na jalada, ilivishwa gazeti. Bweni zima lilikuwa foleni ya kumsoma Willy Gamba, na zamu yako ilikuwa usiku mmoja, ukipitisha unapigwa. Mwalimu wetu wa Kiswahili akainasa chini ya dawati langu. Akaiita takataka mbele ya darasa, akanipa viboko vinne, akaondoka nayo. Usiku ule dirisha la nyumba yake liliwaka hadi tulipochoka kulitazama. Usiku wa pili vilevile. Siku ya tatu akanirudishia pasipo neno. Ukurasa mmoja ulikuwa umekunjwa pembe, mahali ambapo sisi hatujafika bado, na pembeni pana doa la mafuta ya karanga.

Mnaosoma safu hii tangu zamani mnaijua riwaya yangu ya mwisho, ile yenye mvua ya kurasa arobaini. Nyie wanane mlioinunua, nawasalimu. Haikumshinda mtu kuisifu: mvua ikinyesha kurasa arobaini, nani atakuambia umekosea? Msomaji akichoka hujilaumu mwenyewe, hudhani hakuelewa. Lakini mwaka 2009 paa lilipoanza kuvuja (mvua ya kweli, safari hii), nilipiga hesabu nikasema niandike kitabu kimoja cha upelelezi, haraka, cha pesa. Nikaandika sura tatu. Muuaji ni mwenye nyumba, lakini atajulikana sura ya ishirini. Nikampa mama watoto asome huku anachambua mchele. Alisoma, akatoa chuya mbili, akasema, "Ni mwenye nyumba." Nikamuuliza amejuaje. "Kila akiingia unaandika ametabasamu. Wengine wote wanaingia tu."

Paa nililiziba kwa mkopo.

Ndipo nikajua ugumu uko wapi. Ile alama inayomfichua muuaji lazima uiweke mezani, mchana kweupe, kwa sababu ukiificha umemwibia msomaji. Kisha umfanye atazame pengine kwa hiari yake. Kijana wa Mbagala alifanya hivyo kwenye ukurasa mmoja. Mimi nilikumbuka pampu nikiwa nimefika nyumbani, navua viatu. Shemeji kaja na pikipiki yake, kaazima pampu, kairudisha. Mbona hatukuambiwa tairi lilikuwa na shida?

Dokta hakuiona pampu. Alikuwa anatafuta dhamira.

Mchawi wa yote haya ni mtihani, na msinitumie barua za kunibishia. Mchapishaji anataka kitabu kitakachoingia shuleni, maana shule ndiyo inayonunua. Shule inataka kitabu chenye dhamira tano za kujibia swali la fasihi, na muuaji ni mmoja tu. Ndiyo maana tuna kizazi kizima kinachoweza kukutajia dhamira za Takadini kikiwa usingizini, na ukikiuliza kitabu gani kilikikosesha usingizi, kinakutazama. Takadini hakina kosa, ni kitabu kizuri. Sina ugomvi hata na Nagona ya Kezilahabi. Nimeisoma mara tatu na nitairudia nikistaafu. Ugomvi wangu ni kumkuta mtu amesimama mlangoni na kalamu tatu, anawagawa wageni huku wa ukumbini na huku wa jikoni, halafu usiku anakwenda kulia jikoni.

Baada ya warsha nilimkuta kijana nje anawasha pikipiki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nani kampa ile elfu saba?"

Akatabasamu. "Sehemu ya kwanza bure, mzee. Kuanzia ya pili ni elfu moja kwa wiki."

Nikamtumia pale pale, naye akaniunga kwenye kundi lake la WhatsApp. Anaandikia kijiweni, akisubiri abiria. Akija mteja katikati ya sentensi, sentensi inasubiri. Wamo mama lishe, wamo manesi wa zamu za usiku, yumo askari mmoja anayemkosoa kuhusu taratibu za kupekua maiti, naye anasahihisha. Saa sita usiku watu wanatumiana sauti wakigombana. Kuna dada mmoja ameapa kwa watoto wake kwamba si shemeji, ni mke wa marehemu. Miaka ishirini na sita nimeandika vitabu, hakuna aliyewahi kuapa kwa mtoto wake juu ya mhusika wangu.

Jumatatu usiku iliungwa namba mpya. Haina picha. Tangu iingie imeuliza swali moja tu, kuhusu ile pampu, refu, lenye nuktamkato mbili. Watu wa kundi lile hata nukta hawaweki. Simtuhumu mtu.

Sehemu ya sita iliishia dereva anagonga mlango wa shemeji na ndani mtu anazima taa. Ya saba tuliahidiwa Jumatano. Naandika haya Alhamisi, saa tano usiku, na haijaja. Mwanangu, gazeti likikufikia hapo kijiweni, abiria wa Tandika mwache apande na mwenzako. Elfu moja yangu umeshaipokea.